Jina la Anayefuata

Kijiji kipya, Biharamulo
9 Aprili 1968

Mke wangu Ephrasia,

Barua aliyoniandikia jirani yetu Penina kwa niaba yako imenifika jana kwa gari la idara ya kilimo. Nimeshukuru sana kusikia kwamba umejifungua salama mtoto wa kike na kwamba mmesharuhusiwa kutoka hospitali. Kwenye shajara yangu nimeandika: "Jumatatu. Nimekuwa baba." Chini yake nikaandika hali ya hewa, kama kawaida yangu.

Ninayo mambo manne.

Kwanza, siwezi kufika Bukoba kabla ya Julai. Watu wanaendelea kuhamia hapa, na kila kaya inataka kuonyeshwa mpaka wake, ingawa tumewaambia kwamba shamba ni la wote na halina mpaka. Bwana shamba ni mimi peke yangu.

Pili, jina. Baba ameniandikia kutoka Muleba. Unajua kwetu ni babu anayempa mjukuu jina la ukoo. Amesema aitwe Kokubanza, kwa kuwa ndiye anayetutangulia kufungua mlango. Mimi nimekubali. Jina la ubatizo chagua wewe.

Tatu, Baba anataka mtoto abatizwe kigangoni kwake. Yeye ni katekista, na huyu ni mjukuu wake wa kwanza. Nadhani ni haki yake.

Nne, Penina ameandika, bila ubaya wowote, kwamba mkungu wa ndizi aliokutumia Baba kwa basi umempa yeye wote. Mwaka jana ulifanya vivyo hivyo. Ndizi za kibanja chetu cha Muleba zina ubaya gani? Mzee akisikia ataona amedharauliwa.

Mbusu mtoto kwa niaba yangu.

Mumeo,
Clavery Rweyemamu


Bukoba
20 Aprili 1968

Mume wangu Clavery,

Mtoto hajambo. Ananyonya kwa nguvu, na akimaliza hukunja uso kama wewe unapohesabu. Walimu wenzangu walikuja jana na sabuni na sukari. Mwalimu mkuu amenipa likizo hadi mwisho wa Juni.

Jina lake la ubatizo ni Joviana. Lilikuwa la mama yangu, na sidhani kuna mtu atalikataa.

Jina lake la ukoo ni Kaiza. Si Kokubanza.

Sijakosea, wala sina homa. Mwandikie Baba hivyo hivyo. Nadhani hatakuuliza sababu. Akikuuliza, mwambie aniulize mimi.

Kuhusu ndizi, Penina ana watoto watano na wote wanakula. Hakuna kilichoharibika.

Mkeo,
Ephrasia


Kijiji kipya, Biharamulo
2 Mei 1968

Mke wangu Ephrasia,

Barua yako niliisoma wakati wa chakula, mbele ya wenzangu, na nikafanya kosa la kulitaja jina kwa sauti. Dereva wetu wa trekta ni Buberwa, Mluteri wa Rubafu, mtu asiyenyamaza. Alikiweka kijiko chini.

"Kaiza?" akasema. "Kumbe bwana shamba ni Ishebarongo, na mkewe ni Nyinabarongo, mama wa mapacha, na sisi tunakula naye ugali mkavu kila siku bila hata kumwinamia. Hao mapacha wako wapi, baba wa mapacha? Umewafungia kwenye ghala la mbegu?"

Mwingine akasema, "Atakuwa amewasahau Ukiriguru alipokuwa chuoni."

Walicheka sana, nami nikacheka nao. Ningefanya nini? Tangu siku hiyo Buberwa haniiti jina jingine. Asubuhi akiwasha trekta ananipigia magoti: "Umeamkaje, Ishebarongo?"

Ephrasia, unajua kama ninavyojua mimi kwamba Kaiza ni jina la mtoto anayezaliwa nyuma ya mapacha, wa kike au wa kiume. Hakuna Mhaya atakayelisikia asiulize mapacha wako wapi. Tena ni jina la wazee. Tangu mapadri wakataze ngoma za mapacha, hata vijijini limeanza kusahaulika. Yule wa kwanza alizaliwa amekufa, nami najua bado unaumia. Lakini alikuwa mmoja. Huyu wa sasa akiitwa Kaiza atakuwa anafuata nini?

Kama unachotaka ni jina lisilo la kawaida, hapa kuna mtu amemwita bintiye Azimio. Hilo angalau mtoto ataweza kulieleza shuleni.

Nimemwandikia Baba kuhusu wazo lako, kwa njia ya utani, ili asikasirike.

Mumeo,
Clavery


Muleba
11 Mei 1968

Mwanangu Ephrasia,

Tumsifu Yesu Kristu.

Hapa sote ni wazima, isipokuwa magoti ya dada yangu Kemilembe, ambayo yanamsumbua msimu huu wa mvua.

Clavery ameniandikia, kama jambo la kuchekesha, kuhusu jina unalolitaka. Mimi sikucheka. Nimekaa na barua yake siku kadhaa kabla ya kushika kalamu.

Mwanangu, uliweka mkono wako juu ya msalaba, mezani pangu. Sikukushika mkono kuuweka pale. Tangu siku hiyo nimekutunza kama binti yangu mwenyewe. Hakuna mtu wa ukoo huu aliyewahi kukunyooshea kidole au kukuita mwanamke wa mkosi. Hilo nililifanya mimi, kwa kunyamaza kwangu na kwako.

Kokubanza ni jina jema. Mtoto aanze upya, na sisi tuanze naye. Wale ambao hakuna aliyewaona hawana haja ya kutangazwa. Mungu anawajua.

Usimwandikie Clavery zaidi juu ya jambo hili. Ana kazi kubwa ya taifa. Barua hii uichome ukiisha kuisoma.

Nakutumia mkungu mwingine kwa basi la Jumanne, na kahawa za kutafuna kwa ajili ya wageni wako.

Ni mimi baba mkwe wako,
Apolinary, Katekista


Bukoba
19 Mei 1968

Clavery,

Baba ameniandikia na kuniambia niichome barua yake. Sijaichoma, ila sitakutumia. Nataka unisadiki mimi, bila karatasi.

Walikuwa wawili.

Alitangulia wa kiume, akafuata wa kike. Mapacha hawasubiri babu awape majina, unajua. Majina yao wanakuja nayo: alikuwa Ishengoma na dada yake Nyakato. Kaiza naye ni hivyo hivyo. Jina hili sikulichagua mimi. Nilizaa mtoto anayefuata mapacha, basi ni Kaiza.

Nilijifungulia Muleba, chumba cha nyuma, wewe ukiwa chuoni. Tulikuwa mimi na Shangazi Kemilembe tu. Wa pili alipotoka, Shangazi alifungua mdomo apige vigelegele, maana ndivyo mapacha wanavyopokelewa, na mlango ulipaswa kufunguliwa, majirani waingie na ngoma. Baba aliingia akamziba mdomo kwa kofia yake.

Lazima nikueleze kwa nini. Mwezi mmoja kabla ya hapo jirani yenu Kamugisha alipata mapacha, na ukoo wake ukawachezea ngoma siku nzima. Baba alisimama kigangoni akasoma majina ya wote waliocheza, na Padri akawafungia sakramenti. Wazee wa ukoo wenu walimkasirikia. Walisema, "Mungu amsaidie Katekista asipate wa kwake." Halafu akapata. Akiwachezea, amejihukumu mwenyewe. Asipowachezea, na lolote likawapata, ukoo utasema amewaua kwa kiburi. Akaona njia ya tatu, kwamba wasijulikane.

Akafunga lango. Akawaambia watu kwamba mzazi ana homa na hatembelewi.

Walikuwa wadogo, Clavery. Wa kike alichoka kabla ya kushiba. Shangazi alisema tuwapeleke hospitali. Baba alisema watoto wawili wakipita barabarani wataonekana, tungoje kidogo wapate nguvu. Shangazi akasema, "Basi tumpeleke mmoja, mwingine abaki." Baba akaniangalia mimi, kama vile niseme yupi. Sikuweza kusema. Tukangoja.

Nyakato alikwenda Alhamisi, na Ishengoma siku iliyofuata. Kabla hawajaenda Baba aliwabatiza mwenyewe kwa maji ya kikombe, na alikuwa analia. Nakuambia hilo kwa sababu ni kweli, wala sitaki umfikirie ubaya ambao hakuufanya. Alichimba mwenyewe kibanjani, akawaweka pamoja, akapanda mgomba juu yao. Mimi sikuruhusiwa kutoka ndani. Sijui ni mgomba upi. Sijui mkungu upi unatoka wapi. Ndiyo maana sili ndizi za kibanja kile, na sitazila.

Aliniapisha. Alisema ukijua utaacha chuo. Uliporudi likizo nilingoja uniulize, nikajiambia kwamba ukiuliza nitakivunja kiapo. Hukuuliza. Hukuuliza hata kama alikuwa wa kike au wa kiume. Ungeuliza hilo tu, nisingeweza kukujibu kwa neno moja.

Umeandika kwamba Jumatatu umekuwa baba. Umekuwa baba tangu Novemba 1965.

Ephrasia


Kijiji kipya, Biharamulo
28 Mei 1968

Baba,

Shikamoo.

Nimeitafuta shajara yangu ya 1965, ambayo natembea nayo kwenye sanduku. Alhamisi, tarehe 25 Novemba, nimeandika: "Mvua. Tumefundishwa kupunguza matawi ya mibuni. Nimepeleka viatu kwa fundi." Ijumaa nimeandika kwamba viatu havikuwa tayari. Jumatano iliyofuata nimeandika: "Barua ya Baba. Mtoto amezaliwa amekufa. Mungu ametoa, Mungu ametwaa. Jioni mpira, tumeshinda."

Nakuuliza jambo moja, na naomba jibu moja. Walikuwa wangapi?

Mwanao,
Clavery


Muleba
6 Juni 1968

Mwanangu Clavery,

Walikuwa wawili.

Ulitaka jibu moja na umelipata. Ningeweza kuishia hapo, lakini mimi ni baba yako na nitasema zaidi.

Nilikuwa nimewaondoa watu wa Kamugisha kwenye meza ya Bwana. Kamugisha tumechunga naye tukiwa watoto. Alikuja kwangu akaniambia, "Apolinary, waitu, ndugu yangu, nisamehe, ni mama yangu mzee aliyetaka ngoma." Nikamwambia kwamba sheria ya Mungu haina mama mzee. Halafu nyumba yangu ikapata wawili. Ningetoka vipi langoni?

Unaweza kuniambia kwamba hospitali haikuwa ngoma. Najua. Nimejiambia hivyo kila siku ninapopiga kengele ya sala. Niliamini watapata nguvu. Nilihesabu vibaya.

Lakini wewe pia uwe mkweli. Uko Biharamulo unawaambia watu waache viwanja walipozikwa babu zao, kwa sababu kuna jambo kubwa zaidi linakuja. Kuna wanaolia, na unawahamisha. Unaandika kwenye taarifa kwamba wamehamia kwa hiari. Mimi nilikuwa na jambo langu kubwa zaidi. Usinihukumu kama mtu asiyejua kazi hiyo.

Jina hilo likitajwa hapa, ukoo utanidai damu ya wale watoto, Kamugisha atanicheka, na Padri ataniondoa. Kigango nilikijenga kwa mikono yangu. Ngojeni nife kwanza. Sina muda mrefu, kifua changu kinanijulisha. Nikishakufa mwiteni mtoto mnavyotaka.

Ephrasia alivunja kiapo chake. Mwambie nimemsamehe.

Baba yako,
Apolinary


Kijiji kipya, Biharamulo
15 Juni 1968

Mke wangu Ephrasia,

Nakusadiki. Naanza na hilo ili lisipotee kati ya mengine. Baba amekiri.

Nimelifikiria jambo hili kwa utaratibu, pande zote, na nimefikia yafuatayo.

Kwanza, watoto hawatarudi kwa sababu ya jina.

Pili, Baba ni mgonjwa. Jina hilo likitajwa Muleba, litamwondolea kazi, na pengine litamwondolea uhai. Sitaki kuwa mtu aliyefanya hivyo.

Tatu, mimi mwenyewe nimependekezwa kuwa msimamizi wa mradi huu wote. Mkutano wa wilaya ni mwezi wa nane. Si wakati mzuri wa kusikika kwamba nyumbani kwetu kuna shauri la mapacha na ngoma.

Kwa hiyo napendekeza hivi: ndani ya nyumba yetu, mlango ukiwa umefungwa, mtoto tumwite Kaiza, mimi na wewe. Kwenye cheti, shuleni na mbele ya watu awe Kokubanza, hadi Baba atakapofariki. Baadaye tutaangalia tena. Sioni nani anaumia kwa mpango huu.

Nikirudi nitakwenda Muleba, nimwombe Baba anionyeshe ule mgomba, nitengeneze mahali pale vizuri, kwa saruji.

Nasikitika kwamba sikuuliza. Nilidhani kuuliza kungekuumiza.

Mumeo akupendaye,
Clavery


Bukoba
21 Juni 1968

Clavery,

Nimeisoma barua yako. Mlango ukiwa umefungwa, umesema.

Nimemwandikia Baba kwamba mtoto abatizwe kigangoni kwake, kama mlivyotaka wote wawili. Padri atafika kule Jumapili tarehe 30. Shangazi Kemilembe atakuwa msimamizi. Nitapanda basi la Jumamosi.

Ephrasia


Kijiji kipya, Biharamulo
26 Juni 1968

Mke wangu mpendwa,

Ahsante. Barua yako ni fupi lakini imeniondolea mzigo ambao sikujua nitaubebaje. Nilijua utaelewa. Nimemwandikia Baba awe mpole kwako, na nimemwomba amchinje yule mbuzi mweupe kwa ajili ya wageni. Nimewaambia wenzangu kwamba jina limeamuliwa, ni Kokubanza, na Buberwa amesikitika kwa sababu amekosa utani wake wa asubuhi.

Nivumilie hadi Julai.

Mumeo,
Clavery


Bukoba
4 Julai 1968

Clavery,

Nakuandikia yaliyotokea kabla hujayasikia kwa watu, maana kwa watu yatakuwa yameongezwa.

Baba alinipokea vizuri. Alimbeba mtoto kutoka kwenye basi mpaka nyumbani, akamwonyesha mibuni na ng'ombe. Jioni alisema mbele ya Shangazi, "Huyu mwanamke ni mwenye busara." Shangazi aliendelea kumenya ndizi, hakuinua uso.

Jumapili kigango kilijaa. Watoto wa kubatizwa walikuwa wengi. Baba alisimama karibu na Padri na kitabu chake, akawa anayasoma majina, na kila mama anasogea. Padri ni yule mgeni aliyekuja mwaka jana, Kiswahili anakijua, Kihaya hajui. Ikafika zamu yetu. Baba akasoma, "Joviana Kokubanza."

Padri akanigeukia. "Ndilo jina, mama?"

Nikasema, "Joviana Kaiza, Padri."

Watu walikuwa wananong'ona huku na huku, kama kawaida ya ubatizo. Wakageuka kunitazama. Padri akamwangalia Baba, maana ndiye anayemfasiria. "Kaiza? Maana yake nini?"

Baba akasema, "Ni jina tu, Padri. La zamani."

Kamugisha alikuwa kwenye benchi la nyuma kabisa. Amekaa pale tangu mwaka ule, anakuja kila Jumapili ingawa hapokei komunyo. Alisimama. Hakupaza sauti. Aliuliza kwa Kihaya, kama mtu anayeuliza bei sokoni, "Katekista, wale uliwachezea lini?"

Baba akainamia kitabu chake. Padri hakuelewa, akadhani ni salamu, akamwagia mtoto maji. Alimwita Joviana Kaiza mbele ya wote, kwa sababu mimi ndiye mama na nilikuwa nimesema. Kisha Baba akapiga kengele kama siku zote. Ikalia zaidi ya inavyotakiwa.

Nje wanawake walinijia mmoja mmoja. Kila mmoja aliinama akaniita jina langu. Miaka mitatu sijaitwa. Nilidhani nitapumua, Clavery, nikaona sivyo. Kamugisha alikuwa anacheka na vijana wake pale ukutani, na mimi sikuwa nimesema kwa ajili yake. Mke wake alitaka ngoma iletwe, tucheze palepale uani. Nikamwambia hapana. Tungemchezea nani? Hawapo.

Baba alitoka wa mwisho na cheti mkononi, akanipa. Kimeandikwa Joviana Kokubanza. Wino ulikuwa bado mbichi, kwa hiyo alikiandika baada ya kusikia yote. Nikamwuliza, "Baba, hata sasa?" Akasema, "Kitabu ni changu." Nilikiweka cheti juu ya benchi, nikakiacha.

Tulipofika nyumbani nilimwomba jambo moja tu, anionyeshe mgomba. Mbuzi alikuwa ameshachinjwa lakini hakuna mgeni aliyekuja. Baba alichukua fimbo yake, tukaenda kibanjani, yeye mbele, mimi na mtoto nyuma yake, Shangazi nyuma yetu na magoti yake. Alikwenda moja kwa moja hadi karibu na mti wa mbuni wa mwisho, akasimama. "Hapa," akasema. Akaangalia. Akasogea. "Hapana. Ni hapa." Akasogea tena.

Wewe ni bwana shamba, sina haja ya kukufundisha. Mgomba alioupanda ulishazaa na kukatwa. Machipukizi yake yalizaa, nayo yakakatwa. Kila mwaka shina linatembea kidogo, na ya jirani nayo yanatembea, mpaka yanakutana. Alizunguka pale muda mrefu anaparua majani makavu kwa fimbo. Mara ya mwisho hakusema "hapa". Alikaa chini kwenye majani, katika suruali yake ya Jumapili, akaniambia, "Mwanangu, nilidhani nitapajua daima."

Nilimwacha amekaa. Shangazi alibaki naye.

Kwa hiyo saruji yako haina pa kwenda. Hilo nilitaka ulijue, kwa sababu umeandika kwamba huoni nani anaumia.

Wewe hukumziba mtu mdomo, na watoto hukuwaona. Lakini ulipojua, ulikaa ukapanga mambo kwa namba: kwanza, pili, tatu. Baba alifunga lango akiwa na hofu, na alilia. Wewe ulitaka kulifunga mara ya pili ukiwa mtulivu.

Shule inafunguliwa wiki ijayo. Penina atanishikia mtoto asubuhi. Tangu nirudi ananiita anavyostahili kuniita, na watoto wake nao, ingawa si Wakatoliki na hawana deni lolote nasi. Mkungu wa Jumanne ulifika kama kawaida. Baba aliutuma kabla ya ubatizo au baada yake, sijui. Wamekula wao.

Umesema utakuja Julai. Njoo umwone binti yako, sitakuzuia. Lakini ukibisha hodi, nisalimu kwa jina langu, mlango ukiwa wazi, Penina na watu wa barabarani wakisikia. Hata huyo Buberwa alikuita la kwako kwa utani, na hilo ndilo jina pekee la kweli ambalo umeitwa. Kama litakushinda kulitamka, kaa huko upime viwanja.

Ni mimi,
Nyinabarongo